Soda Aliyoiomba Munyiva

Siku ya tatu ya matanga, Musili alisimama pale kwetu Kawangware akaomba kusema machache juu ya mke wangu. Musili ni mwenzangu wa mkokoteni tangu zamani. Siku hizi ndiye mwenyekiti wa steji yetu ya mikokoteni, sokoni Marikiti. Uani palikuwa na viti vya kanisa na watu kama arobaini.

"Huyu mama alikuwa na roho ingine," akasema. "Magunia ya viazi yamemlalia. Mguu umegeuka, unaangalia nyuma. Sisi tunakimbia, tunapiga nduru, tunasema mama amekwisha. Yeye anatuambia nini? Leteni soda."

Watu wakacheka. Pasta pia alicheka, akainamisha kichwa asionekane.

"Ati soda," Musili akasema, akipangusa macho. "Hapo ndipo Quincy wetu wa steji alimpa jina. Mama Soda. Hatutapata mwingine."

Mimi nilicheka pamoja nao. Nimeicheka hadithi hiyo miaka kumi na moja, mdomo umezoea. Alipoketi nikamwambia jirani ampe chai.

Soda haikuwa yake. Ilikuwa yangu. Na magunia yalimwangukia kwa sababu yangu. Waliojua hivyo tulikuwa wawili, mimi na yeye, na yeye alikuwa mochari. Binti yetu Wavinya alikuwa ameketi mbele na kalamu, anaandika maisha ya mama yake yasomwe siku ya mazishi. Nilimwona akiandika habari ya soda. Sikumzuia.

Kwa hivyo maisha yaliyosomwa kaburini yalikuwa na uongo ndani yake. Uongo ni wangu. Mambo yalikuwa hivi.

Munyiva alizaliwa Mwingi, mahali ambapo kwenda mtoni na kurudi ni nusu ya siku. Alibeba maji kwa mgongo, kamba ikiwa kwenye paji la uso, mpaka pakatokea alama ambayo haikufutika. Nilimwoa mwaka wa ile njaa ambayo watu walikuwa na pesa mfukoni na unga hakuna. Tukaja Nairobi. Tulizaa watatu, akabaki Wavinya.

Alikuwa mrefu kunishinda. Alivaa viatu vya kiume, namba nane, kwa sababu vya kike vya kumtosha hatukuviona. Alifua nguo Kitisuru kwa familia moja miaka kumi na miwili. Blanketi alizikanyaga kwa miguu ndani ya beseni kubwa, nyuma ya nyumba, akihesabu mpaka mia mbili. Familia hiyo ilipohamia ng'ambo walimwachia pasi na barua ya kumsifu. Barua hatukupata mtu wa kumpa.

Kusoma alijifunza gumbaru, masomo ya watu wazima, kanisani, jioni za Jumanne. Mimi sikwenda. Nilisema nimechoka.

Nilikuwa nimechoka kweli, lakini iliyonizuia ni aibu. Kazi yangu ilikuwa mkokoteni. Nilitoa viazi, kabeji na vitunguu Marikiti, nikavipeleka kwa maduka ya upande wa magharibi, Hurlingham, Lavington, Muthangari. Mtu mmoja anavuta mbele katikati ya mipini, mwingine anasukuma nyuma. Wa nyuma ana kazi nyingine pia. Mkisimama kilimani kupumua, anatia jiwe chini ya gurudumu, mzigo usirudi.

Sukari ilinishika nikiwa na miaka hamsini na sita. Nilikuwa nakunywa maji kama ng'ombe na suruali inaanguka. Munyiva akanipeleka kliniki. Huko tulimkuta Sista Peres, Mjaluo mmoja mnene, hana haraka.

"Mzee, unafanya kazi gani?"

"Mkokoteni."

Akaweka kalamu chini. "Wengine huwa nawaambia waanze kutembea. Wewe sasa nitakuambia nini?"

Munyiva akacheka. Mimi sikucheka.

Sista akatueleza polepole. Mtu wa kukaa ofisini, shida yake ni sukari kupanda. Mtu wa kusukuma mzigo ana shida mbili. Mwili ukifanya kazi ngumu unaichoma sukari wenyewe, na sindano ya asubuhi niliyoandikiwa nayo inaishusha. Zikikutana na tumbo tupu, mtu anaanguka. Kwa hivyo chai yenye sukari niache, mkate mweupe nipunguze, lakini chakula nisikiruke hata siku moja. Nile kabla ya kilima, nisingoje kufika.

"Sikiza, mzee. Usiniambie utakula ukimaliza kazi."

Munyiva ndiye aliyeuliza maswali. "Kilima kikiwa mbele, ale nini?"

"Ndizi. Ama kiazi kitamu. Nusu saa hivi kabla."

"Na kama kimashine cha kupima sukari kinasoma chini?"

"Chini ya tano, ale kwanza ndio apande. Chini ya nne, asishike mkokoteni. Anywe soda, ile ya sukari kabisa, akae dakika kumi na tano, umpime tena. Akipata nafuu, ale chakula."

"Soda? Na ni mgonjwa wa sukari?"

"Hapo soda ni dawa, mama. Siku zingine zote ni sumu yake."

Munyiva akarudia maneno yale yote kwa mdomo, kama anavyohesabu blanketi. Kwa njia ya kurudi nyumbani akasema, "Yule kijana wako wa kusukuma, mwambie atafute kazi ingine. Nitasukuma mimi."

"Mwanamke hasukumi mkokoteni."

"Nani mwingine atajua kama umekula?"

Ndiyo sababu aliingia kazi hiyo. Watu waliambiwa kijana amerudi kwao Kitui na mama anashikilia kwa muda. Aliishikilia miaka mitano.

Aliikata barabara kwa chakula. Nyumbani, baada ya sindano, uji wa wimbi bila sukari na yai. Marikiti ananipima kabla hatujafunga kamba. Chini ya kilima cha Valley Road, ndizi. Tukifika Hurlingham, muthokoi wa kwenye kopo, mahindi na maharagwe, vijiko kumi. Muthangari tukishusha mzigo, kiazi kitamu. Jioni ananipima tena, kwa sababu Sista alisema mwili unaendelea kuchoma hata ukiwa umelala. Soda moja ilikaa kwenye kikapu chake siku zote, chini ya leso. Miaka mitano niliinywa mara tatu.

Nyuma yangu alikuwa akisikiliza hatua. Zikiwa fupi, alijua. "Baba Wavinya, simama." Mimi mwenyewe sikuwa nimejisikia kitu bado.

Askari mmoja wa kanjo, wale wa jiji, alimwambia siku moja, "Mama, hii kazi ni ya wanaume."

"Basi kuja usukume, mimi nikuandikie risiti."

Watu wa steji walimpenda kwa mdomo wake. Lakini kile chakula hawakukielewa, na mimi sikuwaeleza. Kwetu watu wa mkokoteni, mtu hali njiani. Unashusha mzigo, unarudi, mnakula wote kibandani kwa meza moja. Anayekula peke yake kwenye barabara ni mchoyo, ama ni mtoto. Na mgonjwa hapewi mizigo. Musili, hata kabla awe mwenyekiti, ndiye aliyegawa mizigo kwa kuangalia mabega, na ningesema nina sukari ningepewa vitunguu vya karibu karibu mpaka nifukuzwe na njaa. Halafu kuna yale mengine wanaume husema juu ya sukari, kwamba inammaliza mtu mpaka kitandani. Sikutaka Quincy alijue hilo neno.

Quincy alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwepesi wa miguu na wa ulimi. Akituona chini ya kilima, mimi namenya ndizi na Munyiva amesimama hapo ananiangalia mpaka nimeze, anapita na mkokoteni wake akipiga mluzi.

"Mathe, si umpe ziwa tu. Ndizi ya nini?"

"Wewe uliachishwa ziwa mapema," Munyiva akamjibu, "ndio maana gunia nne zinakushinda."

Wote wakacheka. Mimi niliumia. Yeye alijibu na akasahau. Mimi nililala nayo.

Tena palikuwa na mchezo wetu. Mtu akipanda Valley Road kutoka chini mpaka juu bila kusimama, bila jiwe kuwekwa hata mara moja, siku hiyo anaketi kichwa cha meza na wengine wanamngoja yeye ndiye aanze kula. Kabla ya sukari niliketi hapo mara nyingi. Baada ya sukari, hata mara moja.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa Agosti, baridi. Magunia sita ya viazi ya Bwana Bhanu, mwenye duka Muthangari. Musili na Quincy walikuwa na mizigo ya njia hiyo hiyo. Wakati wa kufunga kamba Quincy akasema, bila hata kuniangalia, "Leo ni bila jiwe. Isipokuwa wale wa kunyonya."

Musili akacheka. Musili, rika langu.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimepiga sindano na nikanywa uji nusu. Nilitaka tumbo jepesi. Munyiva akanipima pale pale nyuma ya magunia, ili watu wasione. "Tano nukta mbili," akasema. "Leo kula ndizi mbili, tena sasa hivi, usingoje Valley Road." Akanipa. Akaenda kulipa ushuru wa soko.

Nikazishika zile ndizi. Quincy alikuwa upande ule anakaza kamba. Nikazisukuma katikati ya magunia.

Munyiva aliporudi aliuliza, "Umekula?"

"Nimekula."

Hakuniuliza maganda yako wapi. Miaka thelathini na zaidi ya ndoa, hakuwa na sababu.

Tukaondoka. Tulipofika chini ya kilima akasema tusimame kidogo, muthokoi uko karibu, nionje. Nikasema ndizi zinatosha, nimeshiba. Quincy alikuwa mbele yetu, Musili nyuma. Nikaingia kilima.

Mwanzo nilijisikia kijana. Hilo ndilo jambo baya la sukari ikishuka, kabla ya kukuangusha inakufanya shujaa. Nusu ya kilima midomo ikafa ganzi. Jasho likawa baridi. Nikasikia Munyiva nyuma.

"Baba Wavinya. Hatua zimekuwa fupi. Simama nitie jiwe."

"Hapana."

"Simama."

"Nimesema hapana. Sukuma."

Akasukuma. Nilimsikia akisukuma, na mzigo ukawa mwepesi mikononi mwangu kwa sababu alikuwa ameuchukua yeye. Halafu niliona mikono yangu kwenye mipini nikajiuliza ni ya nani. Sikuamua kuachilia. Iliachilia.

Mkokoteni ukiachwa mbele kilimani, mipini inapaa juu na mzigo wote unaenda nyuma. Yeye alikuwa nyuma. Kamba ikakatika, magunia mawili yakamwangukia, la pili kwenye paja.

Yaliyofuata niliyaona kama mtu anayeangalia kupitia maji. Niliketi kando ya barabara. Sikujua ni Nairobi. Musili alifika, Quincy akarudi mbio. Munyiva alikuwa chini ya gunia, na kando ya kichwa chake, juu ya lami, zile ndizi mbili, hazijamenywa. Aliziangalia. Kisha akaniangalia mimi. Najua aliniangalia kwa sababu ni kitu cha pekee ninachokikumbuka vizuri.

Akasema, "Soda. Kwenye kikapu. Haraka."

Quincy akamletea, akataka kumnywesha.

"Si mimi kwanza. Mpe Baba Wavinya, ameshtuka. Mpe yote. Hakikisha amemaliza."

Wakaona ni mapenzi. Wakaona ni kichekesho, mama amevunjika na anagawa soda kama harusini. Quincy akanipa, nikanywa, baada ya muda dunia ikarudi. Ikarudi na mke wangu amelala barabarani, uso umekuwa kama majivu, watu wanainua magunia.

"Nini kimetokea?" Musili akamuuliza.

Munyiva akasema, "Jiwe. Niliteleza nikitafuta jiwe, nikamshtua akaachilia."

Mimi nilikuwa hapo. Akili ilikuwa imerudi, sikunyamaza kwa ugonjwa. Nilisikia kila neno.

Bwana Bhanu alituma pikapu, ikampeleka hospitali. Alikaa huko wiki saba. Siku ya kwanza niliyoruhusiwa kumwona aliniambia kwanza jambo moja.

"Uliniambia umekula."

"Ndiyo."

Akageuza kichwa upande wa ukuta. Nikangoja anitukane. Baadaye akasema, "Usiwaambie. Musili atakunyima mizigo, na sasa mimi siwezi kazi." Halafu, "Leo umekula nini?"

Mguu ulipona ukiwa mfupi. Mkokoteni hakushika tena, na wakati wa mvua mguu ulimsumbua mpaka mwisho. Alikuwa anaketi mlangoni na fimbo yake ya kutembelea, anachambua maharagwe. Ni wakati huo alinifundisha kusoma. Alisema sasa hawezi kufuata mkokoteni, lazima nikisome kimashine mimi mwenyewe. Nilikuwa na miaka sitini na moja. Tulianza na namba, tukaingia herufi. Nikikosea hakucheka. Asubuhi alinifungia chakula kwenye vikopo vitatu na kuandika juu yake kwa makaa: CHINI YA KILIMA. HURLINGHAM. MUTHANGARI.

Hapo nilikula. Nilikula hadharani, mbele ya Quincy. Hakuna aliyenitania. Walisema mzee ameshtuka tangu mama aumie, mwacheni ale. Hata hiyo aibu ilienda kwa jina la mke wangu.

Jina la Mama Soda likaenea. Wauzaji sokoni walilijua. Kanisani walilijua. Siku moja kwenye harusi, kule Dagoretti, bwana harusi mwenyewe alimpelekea soda mezani, ukumbi wote ukapiga makofi. Munyiva akaipokea, akashukuru. Tukitembea kurudi, polepole kwa sababu ya mguu, akasema:

"Siku moja utawaambia?"

"Nitawaambia."

"Si lazima iwe leo."

Aliniuliza hiyo mara moja tu. Miaka minne iliyopita niliacha mkokoteni. Musili hakuwa na mzigo wa kuninyima tena. Sababu ya kunyamaza ilikwisha siku hiyo, na bado nilinyamaza. Nilienda steji kupiga gumzo, wakaisema hadithi, nikacheka. Ilikuwa hadithi nzuri. Ndani yake nilikuwa mume aliyeshtuka kwa kumpenda mkewe.

Munyiva alikufa mwezi wa Juni, kwa kifua, siku nne tu. Siku ya tatu hospitalini alimuuliza muuguzi kama mzee wake amekula.

Tukamzika Mwingi. Wavinya alisoma maisha ya mama yake mbele ya kaburi. Alisoma vizuri, kwa sauti. Alipofika pale kwa soda sauti ikamkatika, halafu akacheka, na watu wote wakacheka naye, wanalia wanacheka. Nilikuwa mbele kabisa. Nilikuwa na fimbo. Nilikaza macho kwenye fimbo.

Wavinya alikuja kuniona Jumapili moja, wiki sita baadaye. Ana duka la vitambaa mjini, hana wakati, lakini alileta unga wa wimbi na akaanza kufagia chini ya kitanda. Ufagio ukagonga chupa. Akaitoa.

"Baba, hii soda ni ya nani?"

"Yangu."

"Wewe? Na sukari yako? Mama hajamaliza miezi miwili na unaanza haya mambo?"

"Ni ya wakati imeshuka. Nikitetemeka."

"Nani alikwambia hiyo?"

"Mama yako."

"Lini?"

Ningeweza kusema zamani. Ningeweza kusema sikumbuki. Alikuwa amepiga magoti hapo, chupa mkononi, na paji la uso ni la mama yake. Nikamwambia yote. Ndizi, jiwe, mikono. Nilipofika mahali alipoomba soda nikasimama, kwa sababu niliona amejua.

Hakulia. Akaweka chupa juu ya meza.

"Mimi ndiye nilisoma," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa mdomo wangu. Mbele ya watu wote wa Mwingi. Nilicheka, Baba."

"Nilikuona."

"Uliniona." Akaisukuma chupa kando. "Na siku nilikuwa naandika, ulikuwa umeketi pale. Nilikuuliza, Baba, kuna kitu nimesahau? Ukasema uko sawa."

 Alichukua ufagio, akamaliza kufagia, hata nyuma ya mlango. Akanawa mikono. Alipokuwa anafunga kitambaa kichwani akauliza, "Wale wa steji wataambiwa na nani?"

"Na mimi."

"Ukimaliza unipigie. Kabla ya hapo usinipigie."

Nilikaa siku mbili. Siku ya tatu nikala uji wote na yai, nikajipima, nikaenda Marikiti.

Saa nne asubuhi mizigo ya kwanza ilikuwa imeondoka. Musili alikuwa kwenye benchi na wanaume watano, wengine siwajui, vijana. Wakanisogezea nafasi. Nikasema nitasimama.

Nilisema kwa ufupi. Nina sukari, nilikuwa nayo wakati wote ule. Munyiva alikuja kwa mkokoteni kunilisha, si kusukuma. Siku ile nilimdanganya nimekula ili nipande bila jiwe. Niliachilia mimi. Hakuteleza. Soda alinitafutia mimi, angali chini ya gunia.

Vijana waliangaliana. Mmoja akauliza mwenzake kwa sauti ndogo, "Munyiva ni nani?"

"Ndiye Mama Soda," mwenzake akamwambia.

Musili alikuwa ananiangalia viatu. Baadaye akasema, "Ningekunyima mizigo. Wakati ule, kweli ningekunyima. Sitakudanganya."

"Najua."

"Lakini umeacha kazi miaka mingapi?"

"Minne."

"Na nilisimama kwako, mama yuko mochari, nikachekesha watu na yeye." Akavua kofia, akaivaa tena. "Ulinipa chai, Kisilu. Nilimaliza kusema ukaagiza niletewe chai."

"Ndiyo."

"Sasa unataka niseme nini?"

"Usiseme kitu."

 Mmoja wa wale vijana aliondoka kwenda kukojoa, mwingine akatoa simu. Nikaenda kando kidogo, karibu na mizani, nikampigia Wavinya. Aliitika mara moja.

"Nimewaambia," nikasema.

"Wote?"

"Musili na hawa wengine. Quincy hayuko. Ameenda na mzigo Muthangari."

"Quincy ndiye alimpa jina."

"Ndiye."

"Basi mngoje."

Akakata. Saa sita nilikula kiazi kitamu nilichobeba, nimesimama. Hakuna aliyeniita kwenye meza na sikutarajia. Quincy alirudi saa saba unusu, mkokoteni mtupu. Si kijana tena, ana tumbo na mvi za kidevu. Aliniona kutoka mbali, akaanza kucheka kabla hajafika.

"Mzae! Mume wa Mama Soda mwenyewe. Umetutupa hivyo?"

Musili alisimama akaingia ndani ya kibanda. Nikamwendea Quincy, nikamwambia aweke mipini chini kwanza.